Kibaba, Masurufu na Bajeti: Matumizi ya Nyumbani katika Historia ya Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Juni, mawaziri wa fedha wa nchi za Afrika ya Mashariki husimama bungeni kusoma bajeti za serikali zao. Kwa siku chache neno hilo hutawala redio, magazeti na mazungumzo ya vijiweni. Kiswahili kimelipata neno bajeti kutoka Kiingereza. Kiingereza nacho kililipata kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilimaanisha kifuko kidogo cha ngozi. Kwa kuwa neno ni geni, na kwa kuwa liliingia kwa mlango wa serikali, ni rahisi kudhani kwamba jambo lenyewe, yaani kuyapanga matumizi ya nyumbani kabla ya kutumia, ni geni vilevile.

Dhana hiyo ina umri mrefu. Katika zama za ukoloni ilivaa joho la hukumu: Mwafrika, ilidaiwa, huishi kwa siku ya leo na hana habari na kesho. Siku hizi imevaa vazi la upole zaidi. Hujitokeza katika semina za elimu ya fedha zinazoanza kwa kumfafanulia mama wa nyumbani maana ya bajeti, kana kwamba mtu aliyelisha watu wanane kwa fedha ya watu watano kwa miaka ishirini anahitaji kufafanuliwa hilo.

Mhadhara huu unakusudia kuipima dhana hiyo kwa ushahidi wa lugha. Unadai mambo mawili. Kwanza, msamiati wa Kiswahili unaonyesha kwamba kupanga matumizi ni maarifa ya kale katika nyumba za Waswahili, ila kipimo chake cha awali kilikuwa nafaka wala si sarafu. Pili, kila dola ilipoingia nyumbani kuhesabu, ilimhesabu mtu asiyekuwa mpimaji. Tahadhari moja itangulie: asili ya neno si maana yake. Neno huweza kusafiri mbali na kusahau kwao. Hivyo etimolojia hapa itachukuliwa kuwa shahidi mmojawapo, wala haitaachiwa ikae kwenye kiti cha hakimu.

Nafaka, masurufu na israfu

Shahidi wa kwanza ni neno nafaka. Katika Kiswahili cha leo nafaka ni mtama, mahindi, mchele, uwele na mazao ya jamii hiyo. Katika Kiarabu, lilikotoka, nafaqa si punje hata kidogo. Ni matumizi, na hasa ni yale ambayo sheria ya Kiislamu inamwajibisha mume kuyatoa kwa ajili ya mkewe na watoto wake. Neno la sheria liligeuka kuwa neno la ghala. Badiliko hilo halikuwa la bahati nasibu. Maana hupungua na kuelekea pale ambapo jambo linaonekana kwa macho, na katika miji ya pwani matunzo ya nyumba yalionekana kwa macho katika umbo la nafaka iliyopimwa na kukabidhiwa. Baadaye, wasemaji walipohitaji kuitaja haki yenyewe na si punje, iliwabidi watafute maneno mengine: matunzo, matumizi, masurufu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, inayomtaka mume kumtunza mkewe, hujadiliwa kwa Kiswahili kwa neno matunzo.

Shahidi wa pili ni masurufu, lenye maana ya fedha au vitu vilivyotengwa kwa matumizi ya nyumbani au ya safari. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kugeuza na kubadilisha. Mzizi huohuo umekipa Kiswahili sarafu, kwa kuwa fedha hubadilishwa, na sarufi, kwa kuwa maneno hugeuzwa maumbo. Mwanafunzi wa isimu na mama anayegawa fedha ya wiki, kwa hiyo, wanatumia zana zilizochongwa kwa mti mmoja: wote wawili wanashughulika na kanuni za kugeuza kitu kimoja kuwa kingine bila kukiharibu.

Masurufu ni vema yasichanganywe na israfu, yaani matumizi ya kupita kiasi. Katika Kiarabu mizizi ya maneno hayo mawili inatofautiana kwa konsonanti moja: mmoja una ile s nzito iandikwayo kwa herufi swadi, mwingine una s nyepesi iandikwayo kwa herufi sini. Kiswahili hakikuihifadhi tofauti hiyo. Kwa sikio la msemaji asiyesoma Kiarabu, masurufu na israfu husikika kama ndugu. Hapana sababu ya kudai kwamba lugha ilikusudia hivyo. Mifumo ya sauti haina makusudi. Hata hivyo tukio hilo linafaa kukumbukwa, maana linaeleza vyema hali ya nyumba nyingi: kati ya matumizi halali na uharibifu umbali ni mdogo, na hausikiki kwa kila sikio.

Kwa israfu Kiswahili kiliongeza ubadhirifu, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutawanya mbegu. Taswira hiyo haihitaji maelezo kwa mkulima yeyote. Mbadhirifu ni yule anayetawanya kilichopaswa kupandwa au kuwekwa. Kinyume chake ni akiba, neno linalotokana na mzizi wenye maana ya kinachofuata nyuma, yaani mwisho na matokeo. Anayeweka akiba anakitazama kile kinachokuja nyuma yake. Na methali inasema akiba haiozi, ingawa kila mwenye ghala anajua kwamba mahindi huoza. Kisichooza ni ile tabia ya kuweka.

Kibaba na pishi

Msamiati peke yake hauthibitishi utendaji. Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika vipimo. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa mwaka 1870, na Johann Ludwig Krapf, katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, waliandika maneno ya vipimo yaliyokuwa yakitumika sokoni na nyumbani. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja. Kwa hiyo pishi ni vibaba vinne. Mfumo huu ni wa ujazo na si wa uzani, na unafaa kwa jikoni kwa sababu hauhitaji mizani. Chombo kimoja kinachojulikana kinatosha.

Uwiano wa moja kwa nne unalingana na ule wa vipimo vya Kiarabu viitwavyo mudi na swaa, na ndiyo sababu vitabu vya dini vya Kiswahili hutafsiri swaa kwa neno pishi. Hapo panajitokeza desturi ambayo wanahistoria wa uchumi hawajaitilia maanani ya kutosha. Kila mwisho wa Ramadhani, mwenye nyumba Mwislamu mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa kilicho chini ya matunzo yake, mkubwa kwa mdogo. Ili atoe, sharti ahesabu watu wake, apime chakula chake, na ajue kama kinachobaki kinawatosha. Hesabu ya watu, hesabu ya akiba na hesabu ya wajibu hukutana katika usiku mmoja. Jambo hilo, kwa jina lolote litakaloitwa, ni mpango wa matumizi ya kaya, nao umekuwa ukirudiwa kila mwaka kwa karne nyingi kabla ya waziri yeyote kubeba mkoba wake kwenda bungeni.

Ndiyo maana methali maarufu kuliko zote za kuweka akiba inasema haba na haba hujaza kibaba, wala haitaji mfuko wa fedha. Kibaba ndicho kilichokuwa kipimo cha utoshelevu. Vilevile methali za onyo zina mantiki ya ujazo: chovya chovya humaliza buyu la asali. Mali huisha kwa vidole vidogo vinavyorudi mara nyingi, na kwa nadra huisha kwa mkupuo mmoja. Ni uchunguzi ambao mtu yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwezi atauthibitisha.

Haifai, hata hivyo, kuupamba wakati uliopita. Kibaba hakikuwa chombo cha hekima ya nyumbani peke yake. Kilikuwa pia chombo cha mamlaka. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Mombasa kwenda bara, wapagazi walipewa posho, na kibaba cha nafaka kilikuwa kipimo chake cha kawaida kwa siku. Katika mashamba ya pwani na visiwani sehemu kubwa ya nafaka na karafuu ililimwa na watumwa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, katika pwani ya Kenya hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922. Mbele ya kibaba palikuwa na mpimaji na mpimiwa, na methali ya kujaza haba kwa haba haikuwa na maana moja kwa wote wawili. Kwa mmoja ilikuwa ushauri. Kwa mwingine ilikuwa kiasi alichoamriwa aishi nacho.

Hela, kodi na mshahara

Fedha haikuingia katika nyumba hizi kwa ghafla. Reale zenye sura ya Maria Theresa na pesa za shaba kutoka India zilijulikana vizuri katika Unguja ya karne ya 19. Kilichobadilika mwishoni mwa karne hiyo ni ulazima. Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898. Katika himaya ya Waingereza iliyokuja kuitwa Kenya ilifuata mwaka 1901. Tangu hapo, hata nyumba iliyojitosheleza kwa chakula ililazimika kuwa na fedha taslimu kwa siku iliyopangwa na mtu mwingine. Akiba ilipata tarehe.

Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller 100 badala ya pesa 64. Utawala wao haukufika miaka 15 baada ya hapo, lakini neno hela limebaki Tanzania Bara likimaanisha fedha kwa jumla, wakati Kenya na Zanzibar, zilizokuwa chini ya Waingereza, hutumia zaidi pesa. Wachumi walikwisha kuiondoa sarafu hiyo katika mzunguko. Wasemaji wakaizuia isitoke mdomoni.

Pamoja na fedha yalikuja maneno mawili yanayogawa wakati. Kibarua kwa asili ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akionyeshe na kulipwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi na la mtu mwenyewe. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu la mwezi. Ni malipo ya mwezi hadi mwezi. Mtu wa kibarua hupanga matumizi kwa siku, mtu wa mshahara hupanga kwa mwezi, na mkulima hupanga kwa msimu. Mara nyingi watu hao watatu ni wa nyumba moja. Ugumu wa kupanga matumizi katika familia za Afrika ya Mashariki haukutokana na watu kutojua kuhesabu. Ulitokana na kulazimika kuoanisha kalenda tatu katika chungu kimoja.

Bajeti ya kapera

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipandisha bei za vyakula na nguo katika miji ya bandari. Wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1939. Wakagoma tena, kwa mgomo wa jumla, mwezi wa Januari 1947. Serikali ya kikoloni ililazimika kuuliza swali ambalo haikuwahi kuliuliza kwa dhati: familia ya mfanyakazi Mwafrika inatumia kiasi gani ili iishi?

Jibu lililokuwa likitumika lina mafunzo. Kima cha chini cha mshahara kilikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto mjini. Mkewe na watoto walidhaniwa wako shambani, wakijilisha wenyewe. Kwa maneno mengine, bajeti ya kwanza ya nyumbani iliyoandikwa na dola ilikuwa bajeti ya kapera, na shamba la mkewe lilikuwa ruzuku isiyoandikwa ambayo kwayo mwajiri alipata kazi kwa bei nafuu. Kamati ya mishahara ya Waafrika nchini Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1954 chini ya uenyekiti wa F. W. Carpenter, ilipendekeza kuondoka hatua kwa hatua katika mshahara wa kapera na kuelekea mshahara unaotosha familia. Pendekezo hilo lilikiri, kwa lugha ya kiofisa, kwamba hesabu iliyokuwapo ilimwacha nje mtu aliyeshika kibaba.

Miaka ya foleni

Uhuru haukumaliza tatizo la hesabu. Nchini Tanzania, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wananchi waliombwa kufunga mikanda. Sukari, unga, sabuni, mafuta ya kula na nguo vilikuwa haba. Bidhaa ziligawanywa kupitia maduka ya ushirika kwa idadi ya kaya, na foleni ikawa sehemu ya ratiba ya nyumbani. Unga wa mahindi ya njano uliotoka ng'ambo ulipewa jina la Yanga, kwa rangi ya jezi ya timu ya mpira. Mwaka 1983 yalianza mapambano dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na shehena asiyoweza kuieleza aliitwa mlanguzi.

Kwa mtazamo wa lugha, miaka hiyo ina jambo la kuzingatiwa. Fedha ilikuwapo lakini haikununua, na nyumba zilirudi kwenye hesabu ya ujazo. Swali la asubuhi halikuwa na shilingi ngapi bali na kilo ngapi, na kwa siku ngapi. Msemo wa kubana matumizi, uliosikika katika hotuba kama wito kwa mashirika na ofisi, ulikuwa tayari ukitekelezwa jikoni bila hotuba. Kwa upande mwingine, neno kaya lilipata uzito mpya. Miongoni mwa Wamijikenda kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu mtakatifu. Katika makaratasi ya serikali likawa kipimo cha mgawo, na kila kaya ikawa na mkuu wa kaya. Mkuu huyo ndiye aliyeandikwa katika orodha ya duka. Aliyesimama katika foleni na kugawa kilichopatikana, mara nyingi, alikuwa mtu mwingine.

Kifuko kidogo

Baada ya milango ya biashara kuanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa zilirudi madukani na tatizo likageuka kuwa fedha. Wanawake walikuwa na chombo cha zamani cha kulitatua, nacho ni upatu, unaoitwa pia mchezo, ambao nchini Kenya unajulikana zaidi kwa jina la chama: kila mmoja hutoa kiasi kilekile, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Nyumbani kulikuwa na kibubu, ambacho ndani ya jina lake msikilizaji hawezi kukosa kusikia neno bubu. Kibubu hakisemi kimeshika nini, na hilo ndilo lililokuwa kusudi lake, hasa katika nyumba ambamo fedha iliyojulikana ilikuwa fedha iliyoombwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa uliokuwa umeanzia Niger mwaka 1991. Tanzania uliitwa kwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza, VICOBA. Wasemaji hawakuhitaji kuelezwa kifupisho hicho. Walisikia vi-, kiambishi cha wingi, wakatoa umoja wake: kikoba. Na kikoba tayari kilikuwa neno. Ni mkoba mdogo. Kwa njia hiyo, bila kamati yoyote ya istilahi, Kiswahili kilifika mahali palepale Kifaransa cha kale kilipoanzia. Bajeti ilikuwa kifuko kidogo, na kikoba ni kifuko kidogo. Tofauti ni kwamba bajeti ilishuka kutoka serikalini kwenda nyumbani, na kikoba kilijengwa na watu wa nyumbani wenyewe.

Hitimisho

Ofisi ya takwimu ya Tanzania, katika tafiti zake za kaya za mwaka 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18, imezitaja tafiti hizo kwa Kiswahili kuwa ni za mapato na matumizi ya kaya. Kiingereza cha tafiti hizohizo husema bajeti. Tafsiri hiyo ni sahihi kuliko asili yake, maana inataja pande mbili za hesabu badala ya kutaja mfuko. Na neno matumizi lenyewe limetokana na kutumia, ambalo ni kutuma kwa ajili ya jambo fulani. Fedha iliyotumika vizuri ni mjumbe aliyepewa maagizo kabla ya kuondoka.

Hata hivyo lipo pengo ambalo istilahi nzuri haiwezi kuliziba. Methali ya wafanyabiashara inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini historia inaonyesha upande wa pili wake. Maarifa ya mpimaji wa kibaba hayakuwa na daftari, na kwa sababu hiyo nayo yalipotea bila habari katika kumbukumbu za watawala, wakadhani hayakuwapo. Kamusi zimeyahifadhi vipande vipande: chini ya herufi k, pana kibaba, kibubu na kikoba, chini ya m, masurufu, matunzo na matumizi. Siku hizi neno masurufu linasomwa zaidi katika ripoti za ukaguzi, ambamo hutajwa masurufu yasiyorejeshwa na watumishi wa umma. Nyumbani, ambako neno hilo lilikaa muda mrefu zaidi, masurufu yasiyotosha hayakuandikiwa ripoti. Yalionekana katika sahani ya yule aliyegawa, naye ndiye aliyejipakulia mwisho.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili ni kuyakusanya maneno ya kupima, kugawa na kuweka kutoka kwa wale wanaoyatumia bado, katika lahaja zote, kabla kopo la plastiki na simu ya mkononi havijachukua nafasi yake yote. Wasikusanye neno peke yake. Waulize pia nani alipima, nani alipimiwa, na kilichobaki kilikuwa cha nani.